Nani Atoke Kwanza

Mmeniandikia, vijana wa uhandisi, mkiomba nieleze safari yangu ya uprofesa ili niwatie moyo. Kwanza nilicheka. Mke wangu akauliza nacheka nini, nikamwambia watoto wa chuo wanataka moyo, na mimi wangu niliuacha kwenye matope huko juu ya Nkubu. Akasema niwajibu hivyo hivyo, nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa. Kwa hiyo mtanivumilia. Mimi ni mzee, nimestaafu, goti moja halikunjiki, na sina la kuwauzia.

Kazi yangu ilikuwa vihisi. Kihisi ni kifaa kinachogusa joto, unyevu, mtikisiko au mwinamo na kuugeuza kuwa namba ambayo mtu anaweza kuisoma akiwa mbali. Vya kwangu nilivitia akili kidogo: vilijifunza hali ya kawaida ya mahali, na hali ikibadilika vinatoa onyo. Nimefundisha hayo maisha yangu yote, Embu, Nairobi na huku Meru. Nimeandika makala zinazosomwa na watu ambao hawawezi kuionyesha Nkubu kwenye ramani. Lakini mkitaka kujua kazi yote hiyo ilikuja kupimwa kwa kitu gani, ilipimwa kwa mtu mmoja, kaka yangu Mugambi. Nilitaka atoke nyumbani kwake kabla kilima hakijamshukia. Nilishindwa. Mengine nitakayosema, hata ya kuchekesha, yasomeni mkilijua hilo.

Aliyenifundisha kazi ni Mhandisi Njeru, mtu wa Embu, mhadhiri wangu wa kwanza, aliyevaa tai hata akiwa amelala chini ya jenereta. Njeru alikuwa na sheria moja. Kabla hujakiuliza kihisi jambo usilolijua, kiulize jambo unalolijua. Cha joto kichovye kwanza kwenye maji yanayochemka. Cha mwinamo kiweke kwenye meza iliyonyooka. Na ukipeleka kumi shambani, kimoja kiweke mahali ambapo jibu lake unalijua tayari, ili vingine vikianza kusema maajabu uwe na wa kumuuliza. Hicho alikiita shahidi. Nilimwona akimrudisha mwanafunzi kutoka Runyenjes mpaka maabara kwa miguu kwa sababu alikuwa amesahau shahidi.

Nilikuwa mjinga kama nyinyi, tena mjinga mwenye haraka. Wakati mmoja niliweka visanduku vya mbao vyenye vihisi vya joto huko Mbeere, kwenye joto la kukausha mate mdomoni, tukitaka kuelewa ukame. Siku hizo hakukuwa na simu ya kutuma namba. Kulikuwa na sindano yenye wino na karatasi iliyojizungusha, na ilibidi mtu aende kuichukua. Karatasi zikaja. Visanduku vyote vilipanda mchana na kushuka usiku, isipokuwa kimoja. Hicho kilikuwa na joto lile lile, mchana, usiku, mvua, jua. Nikaamua nimegundua mvuke unaotoka ardhini. Nikaanza kuandika makala, na jina langu nikaliweka mbele ya la Njeru.

Njeru akasoma kurasa mbili. "Ulienda kukiona hicho kisanduku?"

"Hapana, Mhandisi. Karatasi zililetwa na dereva."

"Nenda."

Nilienda, nikafungua kifuniko, na nyuki wakanikaribisha. Walikuwa wamehamia humo, na nyuki hawaruhusu joto la watoto wao kucheza. Nilirudi Embu uso umevimba mpaka mlinzi wa lango akaniuliza namtafuta nani. Mama mwenye shamba alibaki na asali yote na akasema mkileta visanduku vingine msisahau kwake. Njeru hakunicheka mbele ya watu. Aliniambia tu, "Kifaa kilisema kweli. Wewe ulisikia ulichotaka kusikia." Nilidhani ni somo kuhusu nyuki.

Kuna siku pia wafanyabiashara wa miraa wa mji wa Maua walitaka tuwapimie unyevu ndani ya mzigo, wajue unakauka wapi njiani. Nikaficha kihisi katikati ya mafungu, kina taa ndogo nyekundu. Dereva wa pikapu akaiona ile taa inakonyeza, akaamini mdosi wake, mwenye gari, ameweka kitu cha kumchongea mwendo anaoenda nao. Alipofika mto wa Thuci akasimamisha gari, akakitupa majini. Sisi maabara tulishangaa miraa gani hii yenye unyevu wa juu kiasi hiki. Kiliendelea kututumia unyevu huo huo mpaka betri ikafa.

Nawaeleza haya ili mjue ugumu wa kazi hii hauko pale mnapofikiria. Mnafikiri ni hesabu. Hesabu utajifunza. Mchwa watakula ngozi ya waya, basi pitisha waya ndani ya bomba la maji. Mbuzi watatafuna antena, basi iweke juu kuliko mbuzi aliyesimama kwa miguu miwili. Ukungu wa asubuhi utaingia kwenye boksi lolote linalouzwa likiitwa haliingii maji, basi ziba mshono kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, kwa fundi yeyote wa mtaa wa Majengo utapata vipande. Bomba la kupimia mwinamo lizamishe chini kuliko mizizi, la sivyo utapima upepo unavyocheza na mti. Hayo yote yana dawa. Binadamu anayesoma namba hana.

Sasa nije kwetu.

Shamba la baba yangu liko juu, la baba mdogo liko chini yake, mteremko ule ule. Babu aliwagawia wanawe wawili na kupanda safu ya minyaa katikati iwe mpaka. Ndani ya shamba la baba mdogo kuna jiwe kubwa, kimo cha nyumba, limejishika kwenye mwamba. Babu alipima kutoka kwenye jiwe hilo kwenda juu kwa hatua, akapanda minyaa, akasema hapa ndipo. Akafa akiamini amemaliza kazi.

Kila baada ya misimu kadhaa baba mdogo alipiga hatua kutoka kwenye jiwe na kukuta zimepungua. Minyaa imeshuka, shamba lake limefupika. Nani ameishusha kama si ndugu yake anayekaa juu? Akawa anaing'oa na kuirudisha. Baba naye akiamka anakuta mpaka umeng'olewa na kupandwa ndani ya kahawa yake. Nani amefanya hivyo? Anajulikana. Tulikua tukijua kwamba watoto wa baba mdogo ni wezi, nao walikua wakijua kwamba wezi ni sisi. Waswahili wanasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, maana watapatana. Kwetu ukichukua jembe unaulizwa unalima upande wa nani.

Wazee waliwaapisha. Kila mmoja aliapa mbele ya watu kwamba hajamwibia mwenzake, na anayedanganya kiapo kimle. Baba mdogo ndiye aliyetangulia, kwa ugonjwa wa tumbo, hospitalini pale Nkubu. Upande wetu tukasema kiapo kimemla. Baba akafuata, wakasema vivyo hivyo. Hakuna aliyevuka minyaa kwenda kwenye mazishi ya mwingine. Mashamba yakabaki kwa Mugambi juu na mwana wa baba mdogo, Nkonge, chini, na ugomvi wakaurithi pamoja na majembe.

Mimi nilijiona nimeupita ugomvi huo kwa sababu nina digrii. Nilikuwa nakuja Krismasi, nakula nyama, narudi kazini. Ni mpaka nilipohamia chuo cha huku ndipo nilipoanza kuangalia. Mikima, ile miti ya kivuli kwenye kahawa, ilikuwa imepinda shina chini, karibu na udongo, kisha ikanyooka kwenda juu. Jikoni kwa shemeji yangu Karimi kulikuwa na ufa sakafuni unaopita mkono. Na mlango wa Mugambi haukuwa unafunga. Kila mwaka aliushusha, akaupiga randa upande mmoja, akaurudisha.

"Mbao inavimba na mvua," akaniambia.

"Mkubwa, mbao haivimbi upande mmoja miaka yote hiyo. Fremu ndiyo imelala."

"Fremu niliweka mimi mwenyewe na timazi. Usinifundishe nyumba yangu."

Nilijua kilima kinatembea. Polepole sana, lakini kinatembea, na kilima kinachotembea polepole kinaweza kuamua siku moja kukimbia. Nikaomba niweke vihisi. Nilijiandaa kubembeleza. Nilishangaa Mugambi alivyochangamka.

"Hiyo mashine yako itaona minyaa ikisogezwa?"

"Itaona chochote kinachosogea."

"Hata usiku?"

"Hata usiku."

"Weka. Weka mingi. Sasa tutamshika huyo mtu."

Nikateremka kwa Nkonge nikiwa na hofu, maana sikuwa nimewahi kuingia ua wake. Alinisikiliza amesimama mlangoni, mtu mrefu, mpole wa kusema. Akauliza maswali yale yale. Kisha akamwita mkewe aniletee chai, akaniambia, "Profesa, Mungu ni mkubwa. Baba yangu angekuwa hai aone hii siku. Sasa kaka yako atajulikana." Sijawahi kupata ushirikiano wa wananchi kama ule, kabla wala baadaye. Pande zote mbili zilichimba mashimo kwa hiari. Upande wa juu waliniletea ndizi, wa chini waliniletea viazi. Shahidi nilimfunga kwenye jiwe la babu.

Mvua ndefu zikaja, namba zikaanza kuingia kwenye simu yangu. Mabomba yote yalikuwa yanainama na kushuka, ya kwetu na ya Nkonge, kwa pamoja. Yaliyo karibu na minyaa yalishuka zaidi. Shahidi kwenye jiwe hakutikisika. Hakuna mtu aliyekuwa amegusa kitu. Minyaa ilikuwa inabebwa na udongo kuelekea kwenye jiwe, kama ilivyokuwa ikibebwa tangu babu aipande. Baba hakuwahi kuisogeza. Baba mdogo alikuwa anairudisha palipokuwa pake. Wote wawili waliapa kweli.

Mimi ni mtu mzima lakini siku ile nilikaa ofisini nikalia, na kilio chenyewe kilikuwa cha furaha. Nilifikiri: sasa nimepata kazi ya maana. Nitakwenda nimalize ugomvi wa miaka yote, na siku hiyo hiyo nitawaambia wahame, na watahama wakiwa wameshikana mikono. Nilikuwa na nywele nyeupe na bado nawaza kama mtoto.

Tulikutana kwenye ukumbi wa kanisa baada ya ibada, chifu akiwepo. Upande huu watu wa Mugambi, upande ule watu wa Nkonge. Niliinamisha meza, nikatandika blanketi, nikaweka vikombe juu yake. Kikombe kimoja cha chini nikakishikilia kwa mkono, hicho ni jiwe. Kisha nikavuta blanketi polepole, vikombe vikateremka kukifuata kilichosimama. Hata watoto walielewa. Nikasema hakuna mwizi. Nikasema hapajawahi kuwa na mwizi.

Mugambi ndiye aliyesema kwanza, na sauti yake haikuwa na furaha.

"Unasema hii mlima ndiyo inatembea."

"Ndiyo."

"Kwa hivyo baba alikufa bure. Alikataa kumwona ndugu yake akiumwa, alikataa kumzika, na ilikuwa ni mchanga tu."

Nkonge akainuka upande wa pili. "Na mimi nilimkataza binti yangu kuolewa na kijana kwa sababu mama yake ni ndugu ya Karimi wa kule juu. Hiyo pia ilikuwa mchanga?" Akanigeukia. "Profesa, wewe ni mtu wa kule juu. Ni wewe uliyeweka hizo mashine. Ungesema nini kingine?"

"Mabomba ya kwako yameshuka pia, Nkonge. Uliyachimba mwenyewe."

"Nilichimba. Kilicho ndani ya simu yako sikukichimba."

Na Mugambi, ndugu yangu wa tumbo moja, akanung'unika kwamba nilikunywa chai kwa Nkonge kabla ya kuyaweka. Basi. Nilikuwa nimewaletea ukweli ambao ukiukubali lazima ukubali pia kwamba ulimchukia ndugu yako maisha yako yote bila sababu. Nani anaweza kumeza kitu kama hicho Jumapili mchana? Ilikuwa nafuu kwao kunifanya mimi mwongo. Mhandisi Njeru alikuwa ameshafariki wakati huo, nami nilitamani kumwuliza kama alijua somo lake lingefika huku.

Kuhama nilikuwa nimekuita jambo dogo. Chifu alikuwa tayari amepata kiwanja cha kanisa, karibu na barabara ya Embu, familia zote mbili zikae huko mpaka kilima kikaguliwe. Lakini kwetu anayeondoka kwenye shamba lenye ugomvi ameliacha. Hakuna aliyeandika hivyo mahali, na hakuna asiyeijua sheria hiyo. Ukitoka leo, kesho mwenzako anapanda maharagwe mlangoni pako, na wazee watakuuliza kama lilikuwa lako ulitokaje.

"Nitatoka," Mugambi alisema. "Nkonge atoke kwanza."

Nikateremka. "Nitatoka," Nkonge alisema. "Wa juu atoke kwanza."

Nilipanda na kushuka mteremko ule na goti langu mpaka mbwa wa pande zote wakanizoea. Nilipeleka picha, nilipeleka mwanafunzi, nilipeleka padri. Wakati huo vihisi vilikuwa vimejifunza kilima kile vizuri kabisa, kinavyokunywa maji na kinavyoyaachia, na vilianza kuniambia hakiachii tena. Udongo ulikuwa umejaa. Nilikuwa na kifaa bora kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza, na kilikuwa kinanena kweli tupu, na nilikuwa mimi peke yangu ninayekisikiliza. Usiku nilikuwa silali. Karimi alinielewa, shemeji yangu yule, lakini alisema hawezi kumwacha mume wake peke yake, yeye akae kama mjane wa mtu aliye hai.

Mwishowe chifu akapata njia. Watoke siku moja, saa moja, yeye akiwa amesimama kwenye minyaa kama shahidi. Wote wakakubali. Jumamosi hiyo asubuhi pande zote mbili zilikuwa zimefunga mizigo kwa kamba za mkonge, kuku miguu imefungwa, masufuria ndani ya magunia. Mimi na chifu tukasimama katikati. Mnadhani walitoka?

"Mwambie atoe kitanda," Mugambi akasema. "Mtu akitoa magunia anaweza kurudi. Akitoa kitanda ametoka."

Nkonge akasema sawa, vitanda vitoke pamoja. Vikatoka. Wanaume wakavibeba mpaka kwenye ua, huku wakitazamana kupitia minyaa, hatua kwa hatua, hakuna anayetaka kumpita mwenzake. Wakabishana kuhusu godoro. Kisha mvua ikaanza, nzito, na mke wa Nkonge akaona godoro lake linalowa, akalirudisha ndani. Mugambi akaona. "Umeona? Umeona? Wanarudi," akasema, na kitanda chake kikarudi. Chifu alitukana kwa Kimeru matusi ambayo sikuwahi kumsikia akiyatumia. Tulifaulu jambo moja tu. Karimi na wajukuu, na mke wa Nkonge na wake, walikubali kwenda na chifu kusubiri kanisani mpaka mvua ikatike. Wanaume wawili wakabaki kulinda.

Niliteremka Nkubu kutafuta pikapu ya pili ya kuongezea ile ya chifu, nikidhani magari mawili yakisimama mbele yao kwa pamoja hawatakuwa na cha kubishania. Nilikuwa napatana na mwenye gari simu ilipolia. Vihisi vyote, vyote isipokuwa kile cha jiwe, vilikuwa vinatoa onyo kwa wakati mmoja. Hakuna mahali nilipowahi kuona onyo la namna hiyo isipokuwa ubaoni, nikiwachorea wanafunzi.

Nikampigia Mugambi. "Toka sasa hivi. Kimbilia juu kwenye barabara. Kilima kinakuja."

"Nkonge ametoka?"

Vijana wangu, maisha yangu yote nilifundisha vyuma kutosema uongo. Nilisema uongo bila kupumua. "Ametoka. Nimemwona kwa macho yangu. Yuko hapa Nkubu na mimi. Kimbia, Mugambi."

"Ngoja nione," akasema, na simu ikakatika.

Kilichofuata alinieleza Nkonge, maana alikuwepo. Alikuwa amepanda juu ya lile jiwe ili aone vizuri kama wa juu wanaondoka. Alimwona Mugambi akitoka nyumbani na mwavuli, akiteremka, haelekei barabarani bali kwenye minyaa. Alifika kwenye mpaka, akachungulia upande wa chini. Wakaonana. Nkonge anasema Mugambi alitingisha kichwa kama mtu aliyejua tangu mwanzo kwamba anadanganywa. Halafu minyaa yote, na ardhi iliyokuwa imeibeba, na mtu aliyesimama juu yake, vikaondoka pamoja. Nyumba ya juu ilifuata. Udongo ulipita pande zote mbili za jiwe na jiwe halikusogea.

Tulimchimba siku iliyofuata. Magunia yake tuliyakuta yamefungwa vizuri, fundo halijalegea. Nkonge alichimba na sisi mpaka mikono ikamtoka damu, na tulipompata alikaa kwenye matope akasema, "Nilikuwa nangoja atoke. Angetoka tu, ningetoka." Alilisema mara nyingi, kwa kila mtu aliyepita, hata kwa watu wasiomjua. Sikuweza kumchukia. Nilijaribu.

Sikio la kufa halisikii dawa, watu waliniambia kwenye matanga, wakidhani wananifariji. Lakini Mugambi hakuwa kiziwi wala mjinga. Aliogopa kuwa ndiye aliyeachia shamba la baba, na hofu hiyo mimi sikuwa na kihisi chake. Mkiniuliza kazi yangu ilifanya nini, ilifanya hivi: ilitabiri kifo cha kaka yangu mapema, kwa usahihi, na haikukizuia hata kwa dakika moja. Makala niliyoiandika baadaye inasifiwa. Mimi siwezi kuifungua.

Mwana wa Mugambi anaitwa Murithi. Ni mhandisi, na wengine wenu mnamjua, maana nilimfundisha mwenyewe na alikaa mstari wa mbele. Alitoka Nairobi kumzika baba yake, na ndiye aliyesimama kwenye kikao akasema mzee azikwe palepale, kwenye kipande kilichobaki juu ya pengo lililoachwa na maporomoko. Nilipinga. Niliwaeleza kipande hicho nacho kinaning'inia. Wakanisikiliza kwa heshima, wakachimba.

Juzi nilipanda huko kwa fimbo. Nimekuta Murithi amejenga. Nyumba ya mabati mapya, hatua chache kutoka kwenye kaburi, na amemleta mama yake Karimi. Upande wa pili, chini kidogo ya pengo, Nkonge na wanawe nao wanajenga. Katikati ya matope yaliyokauka kuna safu mpya ya minyaa, midogo, kimo cha kidole. Nilimwuliza Murithi kama amesoma namba.

"Nimezisoma zote, baba mdogo. Ziko sawa kabisa."

"Basi unafanya nini hapa?"

"Kaburi likibaki peke yake, mwakani Nkonge atakuwa analima juu ya baba." Aliniongoza nikae kwenye kiti, akanimiminia chai. "Nilitaka hata kukuomba. Tuwekee vihisi vipya. Pande zote mbili, nimeshaongea na wao wamekubali. Safari hii tuweke na king'ora."

Nilikunywa chai. Ilikuwa nzuri, Karimi hajawahi kupika chai mbaya. Nikamwuliza mwanafunzi wangu bora, "King'ora kikilia, utatoka?"

Murithi aligeuka akaangalia ng'ambo ya pengo, ambako wana wa Nkonge walikuwa wanapigilia bati.

"Nitatoka," akasema. "Wakitoka."